Kitabu cha OB ni cha Nani?

Juu ya kaunta ya kila kituo cha polisi hapa nchini hulazwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kurasa zake zimejaa mwandiko wa mikono mingi. Jina lake rasmi ni Kitabu cha Matukio, lakini kuanzia Kibera hadi Kawangware hapana anayekiita hivyo. Mzee na mtoto hukiita OB. Humo huandikwa mbuzi aliyepotea, mume aliyempiga mkewe, simu iliyonyakuliwa dirishani mwa matatu, na mtu aliyetiwa mbaroni. Kila tukio hupewa nambari inayofuatwa na tarehe, na nambari hiyo ndiyo mwanzo wa kila kitakachofuata: uchunguzi, dhamana, mashtaka, fidia. Mtu aliyekamatwa bila kuandikwa humo ana miguu miwili kama sisi, lakini kwa upande wa karatasi hayupo. Hakukamatwa, hakuletwa, hakulala hapo. Na asiyekuwepo hawezi kudaiwa na yeyote.

Swali ninalotaka kulijadili leo ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Kitabu hicho ni cha nani? Je, ni mali ya mkuu wa kituo, aweze kukifungua na kukifunga apendavyo? Ni mali ya Inspekta Jenerali? Au ni mali ya umma, ambao kodi yake hununua hata wino unaotumiwa kukiandika? Mwalimu yeyote aliyefundisha katika mitaa hii miwili kwa muda wa kutosha ataelewa kwa nini nauliza. Jumatatu asubuhi anaita majina darasani, jina moja halijibiwi, na wenzake wanatazamana.

Nitasimulia kisa kimoja, kisha nirudi kwenye sheria. Miaka michache iliyopita jirani yangu, mama muuza mboga, alinigongea mlango usiku. Mwanawe wa kidato cha tatu alikuwa ametumwa dukani saa moja jioni na hakurudi. Muuza duka alisema palikuwa na msako na vijana kadhaa walipakiwa kwenye gari la polisi. Tulikwenda vituo vitatu usiku huo. Katika cha kwanza afisa wa zamu alimwuliza mama, "Wewe ni nani wake?" kana kwamba sauti ile haikutosha kumjulisha. Katika cha pili tuliambiwa turudi asubuhi. Katika cha tatu afisa alipitisha kidole juu ya ukurasa, polepole, kama mwalimu anayesahihisha imla, akatwambia jina hilo halimo.

"Afande," mama akasema, "hebu tazama tena. Yeye ni mrefu, amevaa sweta ya shule."

"Mama, nimekwambia hayumo."

Wakati huo huo tukasikia kikohozi nyuma ya mlango wa chuma. Mama anakijua kikohozi cha mwanawe. Kijana alitoka kabla ya alfajiri, baada ya mazungumzo ambayo sitayasimulia kwa urefu. Hakushtakiwa kwa lolote. Hakuandikwa popote. Shilingi elfu mbili alizotoa mamake nazo hazikuandikwa popote.

Nasimulia haya si kwa sababu ni ajabu, bali kwa sababu si ajabu hata kidogo. Afisa yule, ukitazama vizuri, alisema kweli: jina halikuwamo.

Sasa tutazame sheria inasemaje. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010, katika Kifungu cha 49, inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Haki ya kunyamaza. Haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Na haki ya kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24 tangu alipokamatwa. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba mtu hapaswi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Tukumbuke tulikotoka. Chini ya katiba ya zamani, baada ya marekebisho ya mwaka 1988, aliyeshukiwa kwa kosa la kunyongwa aliweza kuzuiliwa siku 14 kabla ya kumwona hakimu.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 nayo ina jedwali zima linaloeleza jinsi ya kukamata na kuzuilia watu. Mkondo wake si mgeni. Kanuni ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha tarehe 9 Desemba 1988 zinataka mambo manne yaandikwe kila mtu anapokamatwa: sababu, saa, majina ya maafisa waliohusika, na mahali hasa anapozuiliwa. Ni mambo ambayo karani wa duka la jumla huandika juu ya gunia la sukari bila kuamriwa na Umoja wa Mataifa. Gunia limeingia saa ngapi, limeletwa na nani, limewekwa ghala gani.

Lakini tatizo la Kibera na Kawangware haliishii kwenye kuandika au kutoandika. Hata pale ambapo jina limeandikwa vizuri, mzazi hajui limeandikwa wapi. Kijana anayekamatwa Kawangware, tuseme karibu na kituo cha magari cha 46, huenda akapelekwa Muthangari. Lakini gari likiwa limetoka kwingine huenda akajikuta Kabete au Kilimani. Anayekamatwa Kibera, iwe ni Laini Saba au Gatwekera au Makina, ana milango kadhaa inayoweza kumpokea: Kibera kwenyewe, Kilimani, Lang'ata. OB ya kituo kimoja haijui yaliyomo katika OB ya kituo kingine. Hapana daftari moja ambalo mzazi anaweza kulitazama, hapana nambari moja ya simu ambayo mtu akiipiga ataambiwa, "Ndiyo, mwanao yuko mahali fulani tangu saa fulani." Kwa hiyo familia hutembea. Wenye gari au wakili hupiga simu mbili tatu wakajua. Wengine hutembea usiku kutoka kaunta hadi kaunta, na kila kaunta ina ada yake.

Isitoshe, kuna hila ya Ijumaa, ambayo wakazi wanaijua kuliko wanafunzi wengi wa sheria. Katiba inasema kwamba iwapo saa 24 zinakwisha nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku isiyo ya kazi, basi aliyekamatwa atafikishwa mahakamani siku ya kazi inayofuata. Kifungu hicho kiliandikwa kwa nia njema, kwa kuwa hakimu naye hulala. Lakini anayekamatwa Ijumaa jioni, kwa tafsiri hiyo, anaweza kukaa korokoroni hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Siku hizo mbili tatu ndizo soko. Ndipo mama huuza jiko la gesi. Ndipo mtu hujifunza kwamba dhamana ya polisi, ambayo sheria inaitoa bure, na dhamana ya pesa taslimu, ambayo ni lazima itolewe risiti na kurudishwa kesi ikiisha, zote mbili zinaweza kugeuka kuwa kitu cha tatu kisicho na jina wala risiti.

Na wengi wanaokamatwa katika misako ya jioni si majambazi. Hushikwa kwa makosa madogo madogo, mengine yaliyorithiwa kutoka kwa Mwingereza, kama lile la kuzurura. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake mnamo Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinaadhibu hali ya mtu na si tendo lake. Maoni hayo yalipokelewa vizuri na wasomi. Sijui kama nakala yake ilifika kwenye kaunta yoyote ya Nairobi.

Wapo watakaosema, mwandishi anakuza jambo dogo. Mtoto alikosekana usiku mmoja, akapatikana. Basi na tuwatazame wasiopatikana.

Wenye umri wangu wanaikumbuka Nyayo House. Katika miaka ya 1980, hasa wakati wa msako wa Mwakenya, watu walichukuliwa majumbani na vyuoni wakafichwa katika vyumba vya chini ya jengo lile, katikati ya jiji, huku wafanyakazi wa serikali wakipanda lifti juu yao kwenda kazini. Familia zilizunguka vituoni zikiuliza, na kila kitabu kilichofunguliwa kilikuwa safi. Vyumba vile vilifunguliwa kwa umma mwezi Februari 2003, na tukadhani tumeuzika mtindo ule pamoja na enzi yake.

Tarehe 23 Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josphat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka katika mahakama ya Mavoko. Mwenda alikuwa mwendeshaji wa bodaboda aliyekuwa amemshtaki polisi kwa kumpiga risasi. Hawakufika nyumbani. Walizuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala huko Syokimau bila kuandikishwa kama watu waliokamatwa kihalali, na dalili ya kuwapo kwao mle haikuwa maandishi ya serikali bali kikaratasi kilichotupwa nje ya seli, chenye ombi la msaada. Miili yao ilitolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk siku chache baadaye. Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu na raia mmoja mwezi Julai 2022, na Februari 2023 ikatoa hukumu, mmoja wa maafisa hao akihukumiwa kifo. Nchi yenye vituo vya polisi kila upande, na rekodi pekee ya kukamatwa kwa wakili ilikuwa kikaratasi kilichookotwa na mpita njia.

Kisa cha Albert Ojwang ni kigumu zaidi kwa hoja yangu, na kwa sababu hiyo sitakikwepa. Ojwang alikuwa mwalimu, mwenzenu ninyi msomao ukurasa huu, na pia mwandishi wa mtandaoni. Alikamatwa nyumbani kwao kaunti ya Homa Bay tarehe 7 Juni 2025, akasafirishwa kwa barabara hadi Nairobi, na usiku wa kuamkia tarehe 8 akafa akiwa mikononi mwa polisi wa kituo cha Central. Babake alikuwa amefunga safari kumfuata, akiwa na hati ya shamba mkononi, akidhani kwamba huenda ikafaa kwa dhamana. Polisi walisema kwanza kwamba marehemu alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, wakasema hayo si mambo ya mtu kujifanyia. Ikabainika pia kwamba mitambo ya kamera za kituo ilikuwa imechezewa. Maafisa wa polisi na raia kadhaa walishtakiwa kwa mauaji.

Tazama basi: huyu hakufichwa kambini. Alikamatwa mchana mbele ya wazazi wake, kwa jina lake, na kupelekwa kwenye kituo kikubwa katikati ya jiji. Kitabu kilikuwapo. Kamera zilikuwapo. Mtu anaweza kusema kwamba hayo yanaonyesha upuuzi wa kudai rekodi. Mimi naona kinyume chake. Rekodi ambayo anayeiandika ndiye pekee anayeisoma ni shajara yake, na shajara mtu huandika anavyopenda. Daftari la darasani lina nguvu kwa sababu mkaguzi anaweza kuingia bila hodi na kulifungua. Kaunta ya polisi inahitaji macho ya nje usiku ule ule, si wiki moja baadaye mbele ya maseneta.

Na mitaa yetu hii miwili ina sababu zake za kudai hivyo. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, Human Rights Watch na Amnesty International walithibitisha kwamba polisi waliwaua watu wasiopungua 33 katika mitaa ya Nairobi, Kibera na Kawangware zikiwa miongoni mwa mitaa waliyoitembelea. Kuanzia Juni 2024, vijana walipoupinga mswada wa fedha barabarani, kukazuka wimbi la watu kutekwa na magari yasiyo na nambari halali. Kufikia mwisho wa Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82, na watu 29 walikuwa hawajulikani waliko. Kutekwa na kukamatwa hutofautiana kwa jambo moja dogo la kiofisi. Kukamatwa kuna nambari ya OB.

Je, mwananchi ana njia gani? Njia ziko, na si chache, ingawa hazikupangwa kwa ajili ya mtu aliye na haraka.

Ya kwanza ni kaunta yenyewe. Ndugu na wakili wana haki ya kuuliza na kujibiwa, na aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana nao. Hakuna ada. Aliyeripoti jambo ana haki ya kupewa nambari ya OB ya ripoti yake, na aliyeachiliwa aulize nambari ya kukamatwa kwake kabla ya kuvuka lango, kwa sababu akirudi kesho ataulizwa hiyo kwanza. Sheria ya Ushahidi, ya tangu mwaka 1963, inazihesabu kumbukumbu za vitendo vya maafisa wa umma kuwa hati za umma, na mwenye haki ya kuzikagua anaweza kudai nakala iliyothibitishwa.

Ya pili ni mahakama. Mtu akishafikishwa kizimbani, mambo hubadilika. Hati ya mashtaka husomwa hadharani, orodha ya kesi za siku hubandikwa, na yeyote, awe mzazi, mwalimu au mwanafunzi wa somo la historia na serikali, anaweza kuketi kwenye benchi la Mahakama ya Kibera na kusikia. Walimu wachache huwapeleka wanafunzi wao huko. Huwapeleka Bungeni na kwenye jumba la makumbusho, jambo zuri. Lakini asubuhi moja katika mahakama ya Kibera, siku ya Jumatatu, mwanafunzi atajifunza Kifungu cha 49 pasipo kukariri.

Ya tatu ndiyo ninayotaka kuikalia, kwa kuwa inajulikana na wachache. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, iliyoanza kutumika Septemba 2016, inaeleza jinsi. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaweza kulitamka, na afisa analazimika kuliandika. Mwombaji halazimiki kueleza anaitakia nini habari hiyo, lile swali la "wewe ni nani wake?" halimo katika sheria. Halipiwi chochote isipokuwa gharama ya kunakili. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Lakini, na hapa ndipo penye kito, habari inayoombwa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu litolewe katika muda wa saa 48. Asiporidhika na jibu, mwombaji huenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman, katika siku 30, bila wakili.

Sheria hii nzuri ina kasoro mbili ambazo sharti zisemwe. Saa 48 ni nyingi kuliko saa 24. Katiba inataka mtu awe mbele ya hakimu kesho, na sheria ya habari inataka mamake ajibiwe keshokutwa. Kwa hiyo barua haiwezi kuchukua nafasi ya kaunta, wala ya ombi la dharura kwa Mahakama Kuu la kutaka mtu aliyezuiliwa aletwe, akiwa hai au la. Na hiyo ni haki ambayo Kifungu cha 25 cha Katiba kinakataza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Faida ya barua ni nyingine. Huacha alama. Afisa anayejua kwamba kuna karatasi yenye saa na tarehe mahali asipoweza kuifikia huwa mwangalifu na kitabu chake.

Kasoro ya pili inaihusu Kibera kipekee. Haki ya Kifungu cha 35 ni ya raia. Sasa, wenyeji wa kwanza wa Kibera, Wanubi, ambao babu zao waliletwa kama askari wa Mwingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wamehangaishwa vizazi kwa vizazi juu ya vitambulisho. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imezikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kutowaandikisha uraia walipozaliwa. Kijana wa Makina anayekamatwa kwa kukosa kitambulisho anaambiwa kwamba atapata habari zake akionyesha kitambulisho. Ni kuku na yai, na mwenye njaa ni mtoto.

Nimefikia upande wa pili wa shilingi, na naomba wale walioafikiana nami hadi hapa wasiniache. Je, tunataka OB iwekwe wazi kwa kila mtu? Ibandikwe ukutani kila asubuhi kama matokeo ya mtihani? Katika majimbo mengi ya Marekani hali inakaribia hiyo. Florida, kwa mfano, jina na picha ya aliyekamatwa huwa mbele ya umma kabla hakimu hajamsikiliza, na yakazuka makampuni yanayozikusanya picha hizo na kuwatoza wahusika fedha ili kuziondoa. Uingereza imeelekea upande mwingine: mwaka 2022 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu kampuni ya habari ya Bloomberg, ilisema kwamba anayechunguzwa na hajashtakiwa anatarajia kwa haki mambo yake yawe siri.

Kwa hali ya mitaa yetu mimi naogopa njia ya Marekani. Katika ploti ambamo familia ishirini hutumia lango moja, jina lililobandikwa Jumamosi halifutiki Jumapili. Binti aliyeshikwa katika msako ataitwa mwizi hadi aolewe, na baada ya hapo. Katiba inasema mtu hana hatia hadi ithibitike. Kijiji hakikusoma Katiba. Katiba inalinda faragha pia, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeongeza kinga. Ubaya ni kwamba faragha imekuwa mwavuli wa wasiohusika nayo. Mama akiulizia mwanawe huambiwa habari ni ya siri. Siri ya nani? Ya mtoto, anayelia atambuliwe? Faragha ni ya aliye ndani ya seli. Afisa aliyemtia ndani hana faragha katika jambo hilo. Jina lake, cheo chake na saa aliyomkamata ni mambo ya umma tangu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo rai yangu ni ya mtu anayesimama katikati, mahali ambapo kwa kawaida hurushiwa mawe kutoka pande zote mbili. Jina la aliyekamatwa lijulikane saa ile ile kwa ndugu, wakili na yeyote aliyemtaja mwenyewe, na kituo chochote kiweze kumjibu mzazi kuhusu vituo vyote vya jiji. Umma upewe kila wiki hesabu bila majina: watu wangapi waliingia Muthangari, kwa makosa gani, saa ngapi, wangapi walifikishwa mahakamani na wangapi waliachiliwa bila mashtaka. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo itakayotufichulia biashara ya Ijumaa, maana kituo kinachokamata arubaini na kushtaki wawili kina maelezo ya kutoa. OB ya kidijitali, ambayo serikali imeiahidi mara kadhaa, ingewezesha haya yote. Ila kompyuta nayo hufutwa, tumeona na kamera. Itafaa tu iwapo nakala yake itakuwa pia mikononi mwa wengine, kama Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ambayo tayari ina uwezo wa kisheria wa kukagua mahali watu wanapozuiliwa.

Limebaki jambo moja linalowagusa walimu na wanafunzi moja kwa moja, nalo ni maisha marefu ya rekodi. Mwalimu hasajiliwi na Tume ya Kuwaajiri Walimu pasipo cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Mwaka 2021, mabweni yalipokuwa yakichomwa, idara hiyo ilitangaza kwamba makosa ya wanafunzi yatahifadhiwa na kujitokeza watakapoomba cheti hicho. Tisho hilo lilishangiliwa na wengi, hata katika vyumba vya walimu. Sikulishangilia. Uchomaji wa bweni ni jinai nzito na mahakama zipo. Lakini alama za vidole za kijana aliyekusanywa pamoja na wenzake, kisha akaachiliwa kwa kuwa hakuhusika, zifanye nini ndani ya kabati la serikali miaka kumi baadaye, anapotafuta kazi ya kufundisha? Kifungu cha 35 kina sehemu ya pili isiyotajwa sana: kila mtu, na hapa Katiba haikusema raia, ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zinazopotosha zinazomhusu. Aliyeachiliwa na mahakama aiandikie idara hiyo, akiambatisha uamuzi, kabla hajahitaji cheti.

Kijana wa jirani yangu amemaliza shule. Yeye hana rekodi ya kufutwa, kwa kuwa usiku ule haukuwahi kutokea. Mamake alinijia juzi na ombi: kuna mama mwenzake sokoni ambaye mwanawe hakurudi tangu jana. Tuliandika barua kwa Kiswahili, mistari sita, kwa Inspekta Jenerali kupitia kwa mkuu wa kituo: jina la kijana, mahali alipoonekana mara ya mwisho, swali kama amezuiliwa na wapi, na Sheria ya mwaka 2016 ikitajwa pamoja na saa zake 48. Nikamwambia achukue nakala mbili. Moja amkabidhi afisa wa zamu, na ya pili amwombe aigonge muhuri na kuandika saa aliyoipokea. Akikataa, mama aandike saa mwenyewe, hapo hapo kwenye kaunta, na jina au nambari iliyo kwenye sare yake.